Shule ya kitajiri ndani ya jumba la waliofilisika

Tangu Januari 1, 2025, serikali ya Uingereza inatoza kodi ya ongezeko la thamani, hiyo hiyo VAT tunayoiona kwenye risiti za dukani, ya asilimia 20 juu ya ada za shule binafsi. Kodi ni yao, lakini mjadala umetufikia na sisi, na umekuja na picha. Jumba refu la mawe ya rangi ya mchanga, ngazi pana kama za ikulu, nguzo zimejipanga mbele, nyasi zinashuka mpaka ziwani, na watoto wenye makoti wanakatiza na vitabu kwapani. Chini ya picha za namna hiyo maoni yanajirudia. Kuna anayesema wafalme wa zamani waliwajengea watoto wao shule. Kuna anayeapa kwamba shule hiyo ina miaka mia tano. Mwingine anauliza: kama zinaitwa shule za umma, mbona zinatozwa kodi kama duka? Na yule anayefuatilia mambo zaidi hujiuliza inakuwaje shule yenye ada ya zaidi ya pauni 50,000 kwa mwaka iwe imesajiliwa kama taasisi ya hisani.

Njia nyepesi ya kuyajibu haya ni kuishika shule moja na kuifuata tangu mwanzo. Nimechagua Stowe, iliyoko Buckinghamshire, kaskazini-magharibi mwa London. Jumba lake lina fahari kuliko mengi, na bado shule yenyewe ni changa kuliko watu wanavyodhani. Ilifunguliwa Mei 11, 1923. Hapa kwetu zipo zinazoizidi umri: King's College Budo ya Uganda ilianza 1906, na wanafunzi wake walikuwa wameshakuwa watu wazima wenye vyeo wakati Stowe bado mafundi wanapaka rangi.

Tuelewane kwanza

Shule ya bweni haihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili. Wengi wetu tumelala humo, tumekula maharage yake na tumewaogopa viranja wake.

Hilo jina la "shule za umma" ndilo linalochanganya. Waingereza huliita hivyo kundi la shule binafsi kongwe na zenye jina kubwa. Nyingine zilianza kweli kwa ajili ya maskini: Eton ilianzishwa na Mfalme Henry VI mwaka 1440 ili isomeshe vijana 70 wasio na uwezo. Baadaye zikapokea watoto kutoka popote nchini, mradi mzazi analipa, tofauti na mtoto wa tajiri aliyefundishwa nyumbani au shule iliyowekewa watoto wa mji mmoja tu. Umma maana yake ilikuwa mlango wazi, siyo bure. Sheria ya mwaka 1868 ilizitaja saba kwa majina, zikiwemo Eton, Harrow na Rugby, na nyingine nyingi zikajibandika jina hilo hilo. Shule za serikali ni kitu kingine kabisa: hazilipishi ada, na ndimo wanamosoma zaidi ya watoto tisa katika kila kumi.

Na jumba lenyewe? Hayo si makasri ya wafalme wala ngome za vita. Ni nyumba za makabaila, yaani familia zilizomiliki ardhi yote inayoizunguka nyumba, pamoja na mashamba waliyokodisha kwa wakulima. Kodi ya pango waliyolipa wakulima ndiyo iliyoilisha nyumba. Nyumba nayo ilikuwa makazi, ofisi ya shamba, hoteli ya wageni wakubwa na makao makuu ya siasa za wilaya, vyote kwa pamoja. Ukilisahau hilo hutaelewa kwa nini yaliporomoka.

Kondoo kwanza, nguzo baadaye

Familia ya Temple haikuanza na damu ya kifalme. Ilianza na kondoo. Peter Temple alikuwa mfugaji. Mwaka 1571 aliikodi ardhi ya Stowe, na mwanawe John akainunua mwaka 1589. Karibu karne moja baadaye mzao wao, Sir Richard Temple, akajenga nyumba ya matofali. Nyumba hiyo bado ipo, imefichwa ndani ya tumbo la jumba la leo, kwa sababu kila mrithi aliyefuata aliongeza lake juu, pembeni au mbele.

Aliyeifanya Stowe isemwe Ulaya nzima ni mtoto wa huyo Sir Richard, aliyeitwa Richard vilevile na kupewa cheo cha Viscount Cobham. Alikuwa jenerali, alioa binti wa tajiri mwenye kiwanda cha bia, na alipostaafu vita alihamishia vita bustanini. Aliajiri wasanifu wakubwa wa zama zake, Vanbrugh, Gibbs na Kent, akamweka kijana mmoja aliyeitwa Lancelot Brown kusimamia bustani kuanzia 1741. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuzibadilisha bustani za makabaila karibu nchi nzima.

Bustani ya Cobham si ya maua. Ni hotuba ya kisiasa iliyojengwa kwa mawe. Mwaka 1733 aligombana na Robert Walpole, mkuu wa serikali, kuhusu ushuru wa bidhaa, akanyang'anywa kikosi chake cha jeshi. Jibu lake lilikuwa kujenga. Upande mmoja aliweka hekalu zuri, zima, lililotengwa kwa fadhila za watu wa kale. Karibu yake akaweka hekalu la fadhila za watu wa sasa, na hilo lilijengwa likiwa gofu tangu siku ya kwanza, ndani yake sanamu isiyo na kichwa. Wageni walijua ni nani anayesemwa. Ng'ambo ya kijito akapanga nyuso za mawe za Waingereza aliowaona wanastahili heshima, Shakespeare, Newton na Malkia Elizabeth I wakiwemo.

Ili bustani ienee, kijiji cha Stowe kiliondolewa. Watu wakahamia jirani, nyumba zikabomolewa. Kanisa la kijiji halikuguswa, likazungushiwa miti lisionekane, na mpaka leo ukitembea bustanini unalikuta ghafla, kanisa la parokia isiyo na mtaa. Mimi naona hapo ndipo pa kusimama kidogo kabla ya kusifia mandhari.

Sehemu ya mbele ya kusini, ile inayopigwa picha, ilikamilika 1779. Ukumbi wa marumaru wa katikati, wenye umbo la yai na kuba linaloiga jengo la Pantheon la Roma, ulimalizika 1788. Hakuna hata jiwe moja kati ya hayo lililowekwa kwa kufikiria mwanafunzi.

Jinsi ya kufilisika ukiwa na nusu ya wilaya

Kwa ndoa na urithi familia iliendelea kukusanya majina na mali, na mwaka 1822 mkuu wake akapewa cheo cha Duke wa Buckingham na Chandos. Mke wa Duke huyo wa kwanza, Anna Eliza, alikuja na urithi wa shamba la miwa la Hope, Jamaica, pamoja na Waafrika waliofanywa watumwa humo. Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, lilitenga pauni milioni 20 za kuwafidia wamiliki. Familia ya Stowe ilikuwa miongoni mwa waliolipwa. Waliotumikishwa hawakupata hata senti. Sehemu ya shamba lile leo ni Bustani za Hope mjini Kingston. Kwa hiyo anayeuliza fedha ya majumba haya ilitoka wapi, jibu la Stowe ni sufu, kodi ya wakulima, vyeo vya serikali, mali zilizoletwa na wake walioolewa humo, na miwa ya watumwa. Si kila jumba la Uingereza lina historia hiyo ya mwisho, lakini hili linayo.

Hata hivyo fidia haikumwokoa Duke wa pili. Kosa lake linaeleweka kwa hesabu ya mezani. Tuseme umekopa pauni 10,000 kwa riba ya 500 kwa mwaka, ukanunua shamba linalokuletea kodi ya 300. Kila mwaka unapungukiwa 200, na kila ukinunua shamba jingine unaongeza upungufu. Duke alifanya hivyo kwa miaka. Mtu mwenye akili atauliza: kwa nini? Kwa sababu ardhi ilikuwa kura. Kabla ya 1872 upigaji kura Uingereza haukuwa wa siri. Mpangaji alitaja mgombea wake hadharani huku mwenye shamba akisikiliza. Duke huyo mwenyewe, kabla ya kurithi, ndiye aliyeingiza katika sheria ya uchaguzi ya 1832 kifungu kilichowapa kura wakulima wapangaji wa mashamba makubwa. Kila shamba jipya lilikuwa kura zaidi mfukoni.

Januari 1845 aliwakaribisha Malkia Victoria na mumewe Albert kwa gharama isiyosemeka. Agosti 1847 wadai waliingia nyumbani. Madeni yalipita pauni milioni moja, fedha ambayo wakati ule ilikuwa ya kutisha. Agosti 1848 kampuni ya Christie's ilianza kunadi vitu vya ndani, na mnada ukachukua siku 40: samani, mvinyo, picha, vyombo, mapazia. Zilipatikana zaidi kidogo ya pauni 75,000. Piga hesabu mwenyewe ni kiasi gani cha deni kilichozibwa.

Moja ya picha zilizopigwa mnada ilikuwa ya mwanamume mwenye hereni sikioni, inayoaminika kuwa sura ya Shakespeare. Ilinunuliwa kwa gini 355 (gini moja ni zaidi kidogo ya pauni), na mnunuzi akaitoa zawadi mwaka 1856 kwa jumba jipya la taifa la picha za watu mashuhuri, London. Ndiyo picha ya kwanza kabisa kwenye orodha ya jumba hilo. Ukiiona sura ya Shakespeare kwenye jalada la kitabu cha shule, huenda ni hiyo, na ilitoka Stowe kwa sababu ya madeni.

Duke wa tatu alikuwa mtu wa aina nyingine. Aliongoza kampuni ya reli, akawa waziri wa makoloni, kisha gavana wa Madras huko India, na alitumia maisha yake akilipa madeni ya baba yake. Alifariki 1889 akiacha mabinti watatu na hakuna mtoto wa kiume, na cheo cha Duke kikafa naye.

Kwa nini makabaila wote waliyumba kwa pamoja

Hapa kuna dhana inayohitaji kurekebishwa: kwamba Stowe ilianguka kwa uzembe wa mtu mmoja tu. Uzembe ulikuwepo. Lakini kuanzia miaka ya 1870 hata kabaila mwenye busara alianza kutokwa na jasho. Meli za mvuke na reli zilileta ngano ya Marekani kwa bei ambayo mkulima wa Kiingereza hakuiweza, na baadaye meli zenye majokofu zikaleta nyama. Mkulima akishindwa kuuza, hawezi kulipa kodi ya shamba. Na kodi ya shamba ndiyo iliyokuwa mshahara wa jumba. Mwaka 1894 serikali ikaanzisha kodi mpya ya mirathi, kiwango cha juu asilimia 8. Kufikia 1919 kiwango cha juu kilikuwa asilimia 40. Kisha vita. Mtoto wa kwanza wa kiume wa binti wa Duke wa tatu, aliyerithi Stowe, aliuawa Ubelgiji Desemba 1914. Kuna familia zilizopoteza baba na mrithi ndani ya miaka miwili, kodi ikatozwa mara mbili. Na watumishi waliokuwa wakifagia, kupika na kuwasha moto katika mamia ya vyumba walikwenda viwandani na wengi hawakurudi.

Jumba la namna hii ni kama jahazi: lisafiri lisisafiri, linadai kalafati. Mabamba ya madini ya risasi yaliyoezeka paa yanachakaa, mvua inapenya, boriti zinaoza, na kinachooza ni kikubwa mno kufungwa na fundi wa mtaani. Ndiyo maana mengi yaliishia kubomolewa. Katika karne ya 20 majumba zaidi ya elfu moja ya aina hii yaliangushwa Uingereza, mengine kwa baruti, na mawe yake kuuzwa kama kokoto.

Stowe iliuzwa mwaka 1921. Walioondoka nayo hawakuacha hata simba: sanamu mbili za simba zilizokuwa kwenye ngazi za kusini zilinunuliwa zikapelekwa bustani ya umma ya mji wa pwani wa Blackpool. Njia kuu ya kuingilia, iliyonyooka zaidi ya kilomita mbili na miti pande zote, ilikuwa ikatwe viwanja. Msanifu Clough Williams-Ellis aliinunua kwa fedha zake isikatwe. Kilichobaki ni jumba tupu lisilo na mwenyewe wala kazi.

Mchungaji mwenye mikopo na mwalimu mwenye suti nzuri

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa huu: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, madaktari, maofisa, wafanyabiashara na watumishi wa makoloni walitaka watoto wao wasome shule za bweni zenye hadhi, na zile kongwe zilikuwa zimejaa. Kujenga shule mpya ya fahari kungegharimu mno. Kununua jumba la kabaila aliyechoka ilikuwa bei ya kutupa.

Aliyeiona nafasi hiyo vizuri kuliko wote ni mchungaji wa kijiji karibu na Bath, Percy Warrington. Alikuwa Mwanglikana wa mrengo wa kiinjili na alitaka shule zenye msimamo wa imani yake. Alizikusanya kama mtu anayekusanya stempu: Stowe na Canford zote zilifunguliwa 1923, ya wasichana Westonbirt mwaka 1928, na nyingine. Njia yake ya kupata fedha ilikuwa mikopo juu ya mikopo. Kufikia miaka ya 1930 mlima wa madeni ulikuwa karibu kuziporomosha zote, na zikaokolewa na kampuni ya bima ya Legal & General iliyokuwa imezikopesha. Yaani jumba lililopotea kwa mikopo lilinunuliwa kwa mikopo, na nusura lipotee tena. Wanaodhani shule hizi zimekalia dhahabu tangu zamani wangesoma daftari la Stowe la mwaka 1933.

Mwalimu mkuu wa kwanza, J. F. Roxburgh, alianza na wavulana 99 na akakaa mpaka 1949. Alikuwa mtanashati, mwenye suti zinazozungumzwa, na alikusudia kuepuka ukali wa shule kongwe, ambako mtoto mdogo aliweza kuwa mtumwa wa mkubwa na kuitwa kwa jina la ukoo tu. Roxburgh aliwaita kwa majina yao ya kwanza. Aliyajua ya wote, na kwa kawaida alijua na siku zao za kuzaliwa. Wavulana waliruhusiwa baiskeli na kuzurura bustanini. Miongoni mwa wa mwanzo alikuwamo David Niven, aliyekuja kuwa mwigizaji wa sinema. Mwingine aliyepita mikononi mwake ni Leonard Cheshire, rubani wa vita aliyegeuka mlezi wa watu wenye ulemavu. Wanaoishi Kampala wanalijua jina lake kwa kituo cha Katalemwa Cheshire Home, hata kama hawajawahi kuisikia Stowe.

Kuigeuza nyumba kuwa shule kulileta vituko. Vyumba vya kupokelea wageni vikawa madarasa, maktaba ikabaki maktaba, vyumba vya kulala vikapangwa vitanda. Mabweni yalipewa majina ya familia iliyofilisika: Temple, Cobham, Grenville, Chandos. Baadaye likaja na bweni la Walpole, jina lile lile la adui aliyefanyiwa sanamu isiyo na kichwa. Sijui kama Cobham angecheka.

Na si kila alichofanya mwokozi kilikuwa cha uokozi. Shule ilihitaji kanisa la kuingiza wanafunzi wote, na msanifu Robert Lorimer akazing'oa nguzo 16 kutoka hekalu kubwa kuliko yote bustanini ili zitumike ndani ya kanisa jipya. Mapengo yakazibwa kwa matofali, na yalikaa hivyo miongo kadhaa mpaka nguzo mpya zilipochongwa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kauli kwamba shule "zilihifadhi" majumba ni kweli nusu. Zilizuia yasibomolewe. Kuyatunza kulikuwa jambo jingine, na kwa muda mrefu fedha haikuwepo.

Kisa cha Canford kinalionyesha hili vizuri zaidi. Jumba lake lilikuwa la familia ya Guest, matajiri wa chuma, na katika karne ya 19 walipokea mawe ya kuchongwa kutoka magofu ya Ashuru, Iraki ya leo, yaliyochimbwa na ndugu yao Henry Layard. Waliyajengea kibanda maalumu. Shule ilipoingia, kibanda kikawa kantini ya wanafunzi, mahali pa kununulia soda na peremende. Kipande kimoja kilibaki ukutani kimepakwa chokaa, kila mtu akiamini ni nakala ya plasta. Mwaka 1992 mtaalamu kutoka Marekani akakitazama vizuri: kilikuwa halisi, kutoka kasri la mfalme Ashurnasirpal II, karibu miaka 2,900. Kiliuzwa mnadani 1994 kwa pauni milioni 7.7. Vizazi vya vijana vilikuwa vimekula keki chini ya mfalme wa Ashuru bila kumjua.

Wakati wa Vita vya Pili mambo yalikwenda mbali zaidi, hata majumba ambayo hayajauzwa yakageuzwa shule kwa muda. Wavulana wa shule ya Malvern walihamishiwa jumba la Blenheim mwaka 1939, na wasichana wa shule ya Penrhos walikaa jumba la Chatsworth mpaka 1946. Wenye Chatsworth walipendelea wasichana wa shule kuliko kusubiri jeshi lije na mabuti yake, na ukiangalia walichofanyiwa waliopewa wanajeshi, hawakukosea.

Nani mwenye Stowe leo, na kodi inamhusu nani

Watu wengi hudhani mwenye jumba ni lodi fulani anayekusanya ada. Hakuna lodi. Mali imegawanyika sehemu tatu. Bustani, pamoja na mahekalu na minara yake ya ukumbusho, zaidi ya 40 kwa jumla, ziko chini ya shirika la hifadhi la National Trust tangu 1989, na yeyote anayelipa kiingilio anaingia. Jumba lenyewe liko mikononi mwa wakfu ulioundwa 1997 kwa kazi moja tu, kulikarabati na kulifungulia umma kwa siku zilizopangwa. Shule ni mpangaji ndani yake. Wasichana walianza kupokelewa kidato cha juu mwaka 1974, na tangu 2005 ni shule ya mchanganyiko kamili.

Mgawanyo huo una maana. Fedha za hisani za kuezeka paa au kurudisha ukumbi wa marumaru, ambazo zimetoka hata kwa shirika la kimataifa la World Monuments Fund, huingia kwenye wakfu wa jumba. Haziingii kwenye chakula cha mwanafunzi.

Sasa hilo neno hisani. Katika sheria ya Kiingereza taasisi ya hisani si lazima itoe huduma bure. Maana yake haina wanahisa. Ikibakiza fedha, haiwezi kugawana, lazima izirudishe kwenye lengo lake. Elimu imehesabiwa lengo la hisani tangu sheria ya mwaka 1601. Sheria ya 2006 ikaongeza kwamba taasisi ionyeshe faida kwa umma, na shule hujibu kwa ufadhili wa baadhi ya wanafunzi, kuazima viwanja, kufundisha pamoja na shule za serikali jirani. Mwaka 2011 mahakama ilisema kiasi na namna ni uamuzi wa shule zenyewe, mradi isiwe danganya toto. Ukiniuliza, kipimo hicho ni kilegevu, na ndicho kilichoiacha hasira ya umma ikue mpaka ikafika kwenye kodi.

Na hapa ndipo wachambuzi wengi wa mitandaoni wanapojikwaa. Msamaha wa VAT haukutokana na hisani. Ulitokana na kanuni kwamba huduma ya elimu haitozwi kodi hiyo. Serikali ya chama cha Labour iliuondoa kwa shule binafsi zote, za hisani na za biashara, ikisema fedha zitasaidia kuajiri walimu wapya 6,500 katika shule za serikali. Kilichotokana na hisani kilikuwa punguzo la asilimia 80 kwenye kodi ya majengo, na hilo nalo liliondolewa England Aprili 2025. Wazazi na shule kadhaa walikwenda Mahakama Kuu kupinga VAT, wakashindwa Juni 2025. Shule bado ni taasisi za hisani. Zimepoteza nafuu mbili, hazijapoteza usajili.

Kwa mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayepigiwa hesabu na wakala, maana yake ni rahisi: uliza kama ada aliyokutajia ina VAT ndani yake au inaongezwa juu. Shule nyingine zilibeba sehemu ya kodi zenyewe, nyingine ziliipeleka yote kwa mzazi, na tofauti kwa mwaka mmoja wa bweni inaweza kupita mshahara wa mwalimu wa huku. Na usilipie nguzo. Shule ya matofali ya kawaida mjini inaweza kuwa na walimu bora kuliko ile ya kwenye picha, kwa sababu shule ya matofali haina paa la karne ya 18 la kulea.

Linalobaki ni majumba ya shule ndogo, hasa za watoto wa umri wa msingi, ambazo zinafungwa wanafunzi wakipungua. Jumba likiwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, mwenye nalo haruhusiwi kulibomoa wala kulibadilisha bila kibali, na bado anawajibika kulitunza. Mengine yamekatwa fleti, mengine ni hoteli na kumbi za harusi, na mengine yanatafuta mnunuzi, kama Stowe mwaka 1921.